Jicho la Mbwa Asiyebweka

Asubuhi ile nilidhani mbwa wa kigeni ameingia jikoni. Mwili ulikuwa ule ule nilioujua, mwekundu, mkia umejikunja kama mkono wa kikombe, lakini uso haukuwa wake. Upande wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia chini ya jicho mpaka karibu na pua. Ngozi ilivutika hadi ikang'aa, na jicho lenyewe lilibaki kama mkato wa kisu kwenye boga. Mate yalimshuka kwa uzi mrefu mpaka kwenye majivu. Nilirudi nyuma kwa hofu, nikagonga sufuria, maji yakamwagika na kishindo kikajaa nyumba. Hata hapo hakubweka. Alinitazama tu kwa jicho moja.

Hakuwahi kubweka. Nilipofika Kalembe hilo lilikuwa swali langu la kwanza, kabla hata sijauliza nitalala wapi. Mimi ni mtu wa kupita. Shule ya msingi, primaire, niliiacha haijaisha, na tangu hapo nimesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, nimebeba magunia ya mihogo, nimelala kwa watu wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka. Kalembe nilifika juu ya mizigo ya pikipiki, na kwa kuwa barabara ya mbele ilikuwa imefungwa tena, nikabaki. Mama mmoja mjane alinipa kona ya jiko lake, nami nikawa ninampalilia mahindi na maharage. Nilimuuliza kama mbwa wake ni bubu.

“Ni imbwa ya pori,” alinijibu. “Sauti iko nayo, lakini haipendi kuitumia. Haiko sawa na wewe.”

Mbwa huyo alipewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwindaji wa upande wa Buleusa, ndani ya Walikale. Mbwa wa msitu ule hawabweki. Kwa hiyo wawindaji huwafunga shingoni kengele iliyochongwa kwa mti mgumu, yenye ulimi wa mti pia, ili mbwa akikimbia kwenye majani wajue yuko wapi. Mama, ambaye ukoo wake ni wa wakulima wa milima ya Masisi tangu zamani, aliipenda kengele hiyo kuliko mbwa mwenyewe. Aliiacha shingoni mwa mnyama mchana na usiku. Kila alipoisikia ikigonga kati ya mahindi, ko-ko-ko, alisema: “Sawa. Iko kwenye kazi.”

Na kazi ilikuwapo. Shamba lake liliegemea mlima, na juu yake msitu ulianza palepale. Nyani, ambao sisi tunawaita makako, walikuwa wakishuka mara tu mahindi yanapoanza kuwa na maziwa. Mama alikuwa amekaa misimu kadhaa kwa watu huko Nyabiondo, amekimbia vita, amebeba masufuria yake, na haya yalikuwa mahindi yake ya kwanza tangu arudi. Hakuwa na kitu kingine. Asubuhi ile, alipomwona mbwa, hakupiga kelele. Alitazama uso wa mbwa, akatazama mlima, akatazama tena uso wa mbwa.

Aliyepiga kelele ni jirani. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, mwenye butiki ya chumvi, sabuni, betri na vidonge iliyopakana na ua wetu. Alikuja na mswaki mdomoni kuomba moto, akamwona mbwa, mswaki ukaanguka.

“Mama! Iyi imbwa iko na rage! Angalia mate!”

Rage ni kichaa cha mbwa, na katika vijiji vyetu neno hilo likishatamkwa, watu hawaulizi tena. Wanatafuta fimbo. Sikuweza kumlaumu, kwa sababu hata mimi miguu yangu ilikuwa imeshatoka nje ya jiko. Mbwa alikuwa akidondosha mate, akisugua uso chini, akiokota kipande cha muhogo na kukiangusha kama kimemchoma. Nani angefikiri kitu kingine? Na jirani alikuwa na watoto wanaocheza katika ua huo huo.

“Mimi ni mukristu,” alisema akiwa amesimama mbali. “Siwezi kuua imbwa ya jirani bila kumuambia. Njo nakuambia. Kisha misa ya Dimanche, kama ingali vile, nitakuya mi mwenyewe na nyundo.”

“Na mbele ya Dimanche?”

“Mbele ya Dimanche, niko na pomade ya macho. Ile ya muzuri.”

Mama akamgeukia. “Unataka kuiua, na unaniuzishia dawa yake?”

“Butiki ni butiki, Mama.”

Aliinunua. Tukamfunga mbwa mdomo kwa kipande cha kitenge, tukakikaza mara mbili kwa kuogopa meno, kisha mimi nikamshika na Mama akampaka. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Alitetemeka lakini hakujaribu kuuma. Kila tulipofungua kitenge tuliruka nyuma sote wawili kama watu waliowasha baruti. Uvimbe haukupungua. Ulizidi kuwa moto. Nikiweka kiganja karibu na shavu lake nilihisi joto kabla ya kumgusa. Niliuliza kila aliyepita njiani. Mmoja alisema nyuki. Mwingine akasema fira, nyoka anayetema mate machoni. Wa tatu akasema jicho la mtu, na akataja jina la mtu huyo, na Mama akamwambia aendelee na safari yake.

Kengele ilikuwa bado inalia. Mbwa akijigonga kwenye nguzo, ko. Akilala, ko.

Mama alituma habari Buleusa kwa dereva wa pikipiki, na shemeji akaja kwa miguu. Alinuka moshi, na mkononi alishika majani yaliyofungwa kwa uzi wa mgomba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kucheka.

“Munaivalisha kengele hata nyumbani? Inaenda kusoma misa?”

“Kama haibweki, nitajuaje iko fasi gani?” Mama akajibu.

“Kwetu tukitoka pori, kengele tunaitosha shingoni. Tunaitundika. Imbwa pia inapumzika.” Akanitazama mimi kana kwamba nilikuwa mwenye makosa. “Batu ya Masisi munajua ng'ombe tu.”

Sote tukalisahau neno hilo la kengele papo hapo, hata mimi ninayesema kwamba nina masikio. Akili zetu zilikuwa kwenye jicho. Shemeji alichuchumaa, akatazama uvimbe, akasema mbwa amelala ndani ya kichwa, anatakiwa kuamshwa. Mimi nikamuuliza anaamshwaje. Alifungua majani yake, akatoa pilipili ndogo nyekundu, zile kali kuliko zote, akazisaga kiganjani pamoja na majani na matone ya maji. Nilidhani atampa anywe.

Alimfunga mdomo kwa kile kitenge, akamkamulia ndani ya pua. Kabla sijaelewa ninachokiona, akamfungua kope kwa kidole gumba na kumkamulia ndani ya jicho lililovimba. Kisha akamtia ndani ya lile zima.

Nilichosikia sikukijua. Haikuwa kubweka wala kulia. Ilikuwa kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, sauti ikapanda, ikapanda, kitenge mdomoni kikitetemeka, mpaka watoto wa jirani wakakimbilia ndani wakaziba masikio. Mbwa aliruka hewani, akaanguka, akajizungusha chini akijikwaruza uso, kengele ikigonga kama imepagawa. Mimi nilisimama. Nimeona mambo njiani ambayo siyasimulii, lakini hili lilinigandisha: lilifanywa polepole, na mtu mwenye huruma, kwa nia ya kusaidia.

Mama alimsukuma shemeji yake kifuani kwa mikono miwili. Huko kwetu mwanamke hamsukumi shemeji.

“Toka kwangu!”

“Kwetu njo vile tunafanya mbele ya kuwinda! Inafungua macho!”

“Kwenu jicho ikitoka, inaota ingine?”

Shemeji alikwenda mwenyewe kwenye pipa la maji ya mvua, akarudi na ndoo, kisha ndoo nyingine. Mimi nilikaa nimembana mbwa kati ya magoti, na Mama akamwaga maji machoni, pole pole, bila kukoma, mpaka miguu yetu ikawa kwenye matope. Tulipomaliza, macho yote mawili yalikuwa yamefumba. Tukamfungua kitenge. Mbwa akatembea moja kwa moja mpaka ukutani, akagonga kichwa, akasimama hapo hapo akiwa ameelekea udongo.

Jirani aliinua kichwa juu ya ua. “Ee Yesu,” alisema kwa sauti ndogo. “Sasa ni macho mbili.”

Hakutaja nyundo. Hakukuwa na haja. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na juu mlimani, kwenye ukingo wa msitu, makako wa kwanza walikuwa wameshakaa juu ya jiwe wakitutazama.

Mama aliamua asubuhi na mapema: tunakwenda Nyabiondo, kwa docteur wa ng'ombe. Shemeji alibaki kulinda shamba. Nilimwona akiokota mawe na kuyapanga kwa kimo, kama mtu aliyepewa adhabu na kuikubali.

Tulipanda pikipiki watatu na mbwa akiwa wa nne, ndani ya kitunga cha kuku, mdomo umefungwa tena, mimi nimemkumbatia. Barabara ilikuwa mashimo tu, na kwenye kila shimo kengele iligonga ndani ya kitunga. Kwenye barrière ya kwanza kijana mmoja akatusimamisha.

“Munabeba nini mule? Padiri?”

“Imbwa,” Mama akasema. “Inaumwa jicho.”

Kijana akafunua kitunga. Tabasamu likamtoka usoni. Akashusha kamba bila kutuomba kitu chochote, jambo ambalo katika kutembea kwangu kote sijaliona tena.

Docteur alikuwa amevaa buti za plastiki zenye mavi ya ng'ombe, anatoka kumzalisha ng'ombe wa watu. Aliposikia neno rage hakucheka. Alivaa glavu ndefu mpaka kwenye kiwiko, akatuuliza mengi, na kwa mara ya kwanza maishani nilikutana na mtu anayeuliza kuliko mimi. Ameumwa na mbwa mwingine? Ameuma mtu? Anaogopa maji? Anamjua mwenye nyumba? Uvimbe ulianza ghafla au kidogo kidogo? Akatufungulisha kitenge, yeye akiwa ameshika kamba ndefu, akasogeza bakuli la maji. Mbwa alinusa, akageuza kichwa, akanywa. Alikunywa kwa upande wa kushoto tu wa mdomo, maji yakimwagika kulia.

Docteur aliinama, akatazama jambo hilo. Kisha akasema: “Nani alishaangalia ndani ya kinywa?”

Tukatazamana. Tulikuwa tumefunga mdomo ule asubuhi na jioni. Hakuna aliyewahi kuutazama.

Alimdunga sindano ya kulegeza, ile anayotumia kwa ng'ombe, kipimo kidogo sana. Mbwa alipolala alibonyeza polepole chini ya jicho. “Jicho haina shida,” alisema. “Jicho iko jirani tu.” Akainua mdomo wa juu kwa kidole, na harufu iliyotoka ilitufanya mimi na Mama tugeuze nyuso. Kule nyuma, jino kubwa kuliko yote, lile la kusagia mifupa, lilikuwa limepasuka katikati kama kuni. Ufizi ulikuwa mweusi. Docteur alitueleza kwamba mizizi ya jino hilo inapanda mpaka chini ya jicho, na usaha ukikosa pa kutokea, unajaa huko juu. Alimaanisha kwamba pomade, nyuki, nyoka, uchawi na pilipili vyote vilikuwa vimekwenda kwenye nyumba isiyokuwa na mgonjwa.

Mama alisema neno moja tu: “Jino?”

Nilimsaidia docteur kushika taa ya simu. Alidunga dawa ya ganzi kwenye ufizi, akaligawa jino, akalitoa vipande kwa vipande, akitoka jasho. Kipande cha mwisho kilipotoka, usaha ulifuata, mwingi, wa kijivu, na mbele ya macho yetu shavu lile lililokuwa kama boga likashuka. Sitalisahau. Ilikuwa kama kumwona mtu unayemjua akitoka nyuma ya pazia. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kisha docteur mwenyewe akashangaa. Katikati ya vipande vya jino kulikuwa na kijiti chembamba, chekundu, kimebanwa ndani ya ufa.

“Niliwaza ni mufupa,” alisema akikigeuza kwenye taa. “Ni mti. Imbwa yenu inakula mbao?”

Niliivuta ile kengele shingoni mwa mbwa aliyelala, nikaigeuza. Ilikuwa imechongwa kwa mti mwekundu. Ukingo wake wa upande mmoja ulikuwa umetafunwa, umeliwa kwa mistari, na mahali pamoja palikuwa na pengo jipya. Niliwahi kuuona ukingo ule nikadhani ni panya. Docteur alikichukua kijiti akakiweka kwenye pengo. Kiliingia.

Mbwa alikuwa akiitafuna kengele. Kila alipolala, kila alipogeuka, kitu kile kiligonga chini ya kidevu chake, mchana na usiku, wala hakuwa na mkono wa kukishika wala sauti ya kusema. Alikuwa na meno tu. Neno la shemeji lilinirudia pale pale, lile la kutundika kengele ili mbwa apumzike, na nikajua kwamba Mama naye limemrudia, kwa sababu alikaa chini, juu ya nyasi zenye mavi ya ng'ombe, na kitenge chake kizuri.

Docteur alimfungua macho, akayaosha, akatazama kwa taa. “Haya yamechomwa na kitu. Bahati yenu muliosha mbio. Nani aliitia dawa?”

“Famille,” Mama akasema, na docteur hakuendelea.

Alimdunga sindano ya kuua vijidudu, akatupa nyingine za kwenda nazo, akaonyesha mkono wangu namna ya kuzidunga. Bugali laini na mchuzi. Maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo ya kuoshea kidonda. Kitu chochote kisiingie machoni. Na akaelekeza kidole kwenye kengele.

“Sasa nitasikia nini?” Mama aliuliza. Hakumuuliza docteur. Alimuuliza mbwa.

Jumapili, misa ilipotoka, jirani alikuja. Alikuwa na shati jeupe na nyundo nyuma ya mgongo. Mbwa alitoka jikoni, mlegevu, shavu limenywea, macho mekundu lakini wazi, akaenda moja kwa moja kunusa viatu vyake vya kanisani. Mtu yule alibaki ameganda.

“Ni ile ile?”

“Ni ile ile,” Mama akasema. “Nyundo ni ya nini?”

“Nyundo?” Akaitazama kama amewekewa mkononi na mtu mwingine. “Nilikuya kutengeneza ua. Iko inalegea huku.” Na kweli akagonga misumari miwili, na shati lake jeupe, mbele ya shemeji aliyekuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Sikucheka sana, kwa sababu mahindi yalikuwa yamekomaa na Mama hakuwa amelala. Kengele niliiweka mfukoni mwa koti langu. Alinitazama mara kwa mara, akitaka kuniomba niirudishe, akijizuia. Mbwa alipopata nguvu akaingia shambani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike, shamba lilikuwa kimya. Hakuna ko-ko-ko. Mahindi yalikuwa yanasimama tu, na ndani yake kulikuwa na mbwa au hakukuwa na mbwa.

“Imelala,” Mama alinong'ona. “Ao imerudi Buleusa. Leta kengele.”

Kabla sijaitoa, makako wakaja. Walishuka kwa upande wa juu, wazi kabisa, wakubwa mbele, majike wenye watoto mgongoni nyuma, bila haraka, kama watu wanaokwenda sokoni. Kila siku walikuwa wakija hivyo, lakini daima upande ule ambao mbwa hayupo, na Mama alikuwa akisema hawa wanyama wana uchawi. Dume kubwa lilisimama kwenye mstari wa kwanza, likainamisha kichwa kando. Lilikuwa linasikiliza. Nililiona likisikiliza. Kisha likavunja hindi.

Kitu chekundu kilitoka chini ya miguu yake.

Sijawahi kuona makako wakishtuka namna ile. Dume lilipiga yowe, likaruka juu, hindi likiwa mdomoni, likawaangukia wenzake, na kundi zima likapanda mlima likikanyagana, watoto wakining'inia matumboni mwa mama zao, mawe yakiporomoka. Mbwa aliwafuata mpaka kwenye ukingo wa msitu, hana sauti, hana kengele, akasimama. Jirani alitoka butikini mbio, bado ana kalamu sikioni, akiuliza kama ni vita.

Mama alikuwa ameweka mkono juu ya mdomo. Alitazama mfuko wa koti langu, akatazama mlima, na nilimwona akirudi nyuma ndani ya siku zote zile, asubuhi zote alizokaa mlangoni akisikiliza na kusema sawa, iko kwenye kazi.

“Kumbe,” alisema hatimaye. “Kumbe tulikuwa tunabapigia makako kengele bakuye kula.”